Ngazi za umahiri wa lugha kwa watu wazima: maana yake kwa mfanyabiashara wa Bujumbura

Mfanyabiashara wa Bujumbura anayeagiza saruji au vyombo vya plastiki kutoka Dar es Salaam hupitia lugha nne kabla mzigo haujafika ghalani kwake. Nyumbani na sokoni anazungumza Kirundi. Karatasi za Ofisi ya Mapato ya Burundi (OBR) ziko kwa Kifaransa. Dereva, mizani, polisi wa barabarani na mwenye duka la jumla Kariakoo wanasema Kiswahili. Ankara, hati ya shehena na barua pepe za wakala wa meli zimeandikwa kwa Kiingereza. Akiulizwa anajua lugha ngapi, atajibu nne. Akiulizwa anazijua kwa kiasi gani, hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, na hapo pia ndipo fedha hupotea.

Katika miaka ya karibuni matangazo ya kazi, fomu za viza na vipeperushi vya shule za jioni mjini Bujumbura vimejaa herufi na tarakimu: A2, B1, B2, C1. Waajiri wanaziandika kwa sababu wafadhili wanaziandika. Shule zinaziandika kwa sababu zinauza. Makala hii inaeleza herufi hizo zilitoka wapi, zinapima nini, na mtu mzima anayelipa ada kutoka mfukoni mwake anapaswa kuzisoma vipi.

Chimbuko la ngazi sita

Ngazi hizo zimetokana na Mfumo wa Pamoja wa Ulaya wa Marejeo ya Lugha, uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Baraza hilo lisichanganywe na Umoja wa Ulaya. Ni chombo kingine, chenye makao yake Strasbourg, Ufaransa. Kazi ya kuandaa mfumo ilianza rasmi baada ya mkutano uliofanyika Rüschlikon, Uswisi, mwaka 1991, lakini wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1975 mtaalamu J. A. van Ek alitoa maelezo ya kile alichokiita kizingiti cha Kiingereza, yaani kiasi cha lugha kinachomwezesha mtu mzima kuishi na kufanya shughuli zake katika nchi ya wenye lugha hiyo. Mwaka uliofuata kilitoka kizingiti cha Kifaransa, na mwaka 1979 kikafuata cha Kihispania, kazi ya Peter Slagter.

Jambo la kuzingatia ni kwamba waliolengwa tangu mwanzo walikuwa watu wazima wanaohama, wanaofanya kazi na wanaofanya biashara. Swali halikuwa mwanafunzi amemaliza kitabu gani cha sarufi. Swali lilikuwa: anaweza kufanya nini kwa lugha hiyo? Kizingiti kile cha 1975 ndicho leo kinachoitwa B1. Chini yake kuna A1 na A2, juu yake kuna B2, C1 na C2. Toleo la nyongeza lililokamilika mwaka 2020 liliongeza maelezo ya hatua iliyo chini ya A1, pamoja na stadi ya upatanishi, yaani uwezo wa kumfikishia mtu wa tatu kile kilichosemwa au kuandikwa katika lugha asiyoijua. Kwa mji kama Bujumbura, ambako kila duka kubwa lina kijana mmoja anayewatafsiria wengine, nyongeza hiyo ina uzito kuliko inavyofikiriwa.

Wamarekani wana kipimo chao wenyewe, kinachoanzia 0 hadi 5, kilichotokana na mafunzo ya wanadiplomasia wao. Anayeomba kazi katika ubalozi au shirika la Marekani atakutana nacho. Vipimo hivi viwili havilingani hatua kwa hatua, ingawa kwa makadirio ya kawaida ngazi ya 3 ya Wamarekani huwekwa karibu na C1.

Ngazi zinavyoonekana mpakani na gulioni

Mtu wa A1 anajitambulisha, anataja bei, anahesabu magunia, na anaelewa iwapo mwenzake atasema polepole na kurudia. Mtu wa A2 anaweza kununua, kuuza na kuuliza njia katika mambo aliyoyazoea. Wachuuzi wengi wanaovuka Kobero kwenda Kabanga, au Mugina kwenda Manyovu, wako hapa kwa Kiswahili, na biashara yao inakwenda. Ikumbukwe kwamba chini ya utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani huvushwa kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani. Mtu wa A2 anaweza kukijaza akielekezwa.

Tatizo linaanza mambo yanapoharibika. Gunia moja limepungua uzito, afisa anasema bidhaa haistahili msamaha wa ushuru, gari limeharibika kabla ya Nyakanazi na dereva anaomba fedha zaidi. Hapa mtu anahitaji kusimulia kilichotokea kwa mpangilio, kueleza sababu, kutofautisha kilichokwisha na kinachotarajiwa, na kuuliza maswali ambayo hakuyakariri. Hiyo ni B1. Maelezo rasmi ya ngazi hiyo yanasema mtu anaweza kukabili hali nyingi zinazoweza kujitokeza safarini katika eneo linalosema lugha husika. Neno la maana hapo ni "zinazojitokeza". Mtu wa A2 anamudu yanayotarajiwa. Mtu wa B1 anamudu hata yasiyotarajiwa, ijapokuwa kwa makosa.

Kwa mfanyabiashara, pengo kati ya A2 na B1 ndilo ghali kuliko yote. Mtu wa A2 mzigo wake ukikwama hutafuta mkalimani, na mkalimani wa mpakani mara nyingi ni huyo huyo anayetaka kugomboa mzigo kwa malipo. Anayeeleza tatizo kwa niaba yako na anayenufaika na tatizo hilo wakiwa mtu mmoja, bei hupangwa na yeye.

B2 ni ngazi ya wakala wa forodha, mhasibu, na msimamizi wa ghala. Mtu wa B2 anafuata mjadala wa kitaalamu katika fani yake na anaandika barua inayoeleweka bila kumlazimu msomaji akisie. Mkataba wa usafirishaji wenye kifungu kinachosema nani anabeba tozo za kuchelewesha kontena hausomeki kwa B1. Unaweza kutambua maneno yote na bado ukakosa kuona kwamba kifungu kinakubebesha wewe.

C1 na C2 zina wenyewe: wanasheria, wafasiri, wahadhiri, waandishi. Shule ya jioni inayomwahidi fundi cherehani ngazi ya C1 kwa miezi sita ina jambo la kueleza.

Ujuzi wa mtu hauko sawa pande zote

Kosa linalofanywa na waajiri wengi ni kudhani kwamba mtu ana ngazi moja. Mfumo wenyewe unatenganisha kusikiliza, kusoma, mazungumzo na kuandika, na mtu mzima aliyejifunzia lugha maishani huwa na ngazi tofauti katika kila moja.

Burundi ina mfano ulio wazi. Waliokimbia machafuko ya mwaka 1972 na kuishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania walilea watoto waliosoma kwa Kiswahili. Maelfu walirejea Burundi katika miaka ya 2000. Wengi walirudi na Kiswahili fasaha cha kusoma na kuandika, Kirundi cha nyumbani, na Kifaransa kisichofika hata A1, katika nchi ambayo fomu za serikali na masomo ya sekondari vilikuwa kwa Kifaransa. Kwa kipimo cha ofisi za Bujumbura walionekana hawakusoma. Kwa kipimo cha barabara ya Dar es Salaam walikuwa na lugha bora kuliko maofisa waliowahoji.

Kinyume chake kipo pia. Mhitimu wa chuo kikuu aliyesoma miaka mingi kwa Kifaransa anaweza kuwa na B2 ya kusoma Kiingereza, kwa sababu msamiati mwingi wa kitaalamu unafanana, lakini simu ikipigwa kutoka Nairobi hawezi kufuata sentensi mbili. Tangazo la kazi linalosema "Kiingereza B2" bila kusema ni cha simu au cha karatasi linakaribisha usumbufu pande zote.

Kiswahili cha Bujumbura na Kiswahili cha karatasi

Bujumbura ina Kiswahili chake tangu enzi ya Wajerumani, waliotawala hadi 1916 na kutumia Kiswahili katika utawala wa Afrika Mashariki yao. Buyenzi na Bwiza zimebaki kuwa kata ambako Kiswahili kinasemwa barazani na dukani. Ni Kiswahili hai, chenye mkono wa Kongo na mkono wa Kigoma, na ndicho kinachomwezesha fundi wa magari wa Buyenzi kuelewana na dereva wa Uvira na wa Tabora siku moja.

Kwa Mrundi, Kiswahili kiko karibu. Umuntu na mtu, amazi na maji, inyama na nyama, isoko na soko, havihitaji mwalimu. Mpangilio wa ngeli anao tayari kichwani: anayesema ibitabo bibiri hashangazwi na vitabu viwili. Taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani inakadiria wiki 36 za masomo ya kutwa kwa Kiswahili na takriban 30 kwa Kifaransa au Kihispania, lakini hesabu hiyo ni ya mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Kwa Mrundi foleni hiyo inageuka: Kiswahili kinatangulia kwa mbali.

Ukaribu huo una mitego yake, na mitego inaangukia hasa kwenye tarehe na hesabu. Kirundi kina neno moja, ejo, kwa siku iliyopita na siku inayokuja. Kitenzi ndicho kinachotofautisha. Kiswahili kina jana na kesho. Tena Kirundi kina ijana, lenye maana ya mia moja, ambalo sikio la mgeni hulipeleka kwenye jana. Ujumbe wa simu unaosema fedha "zimetumwa kesho" umewahi kumchekesha mtu, ila mwenye duka anayesubiri malipo hacheki. Neno laki, ambalo kwa Watanzania ni elfu mia moja, halimo katika masomo ya mwanzo ya shule nyingi, ilhali bei za jumla za Kariakoo hutajwa kwa laki. Kuza kwa Kirundi ni kuja. Kuuza kwa Kiswahili ni kutoa mali upate fedha. Na sauti za r na l, ambazo kwa Kirundi hazitenganishi maneno kama zinavyofanya kwa Kiswahili, humfanya mtu aseme kura akikusudia kula, na mahari akikusudia mahali.

Saa nayo ina mtego wake kwa aliyesoma kwa Kifaransa. Saa tatu asubuhi ya Kiswahili ni neuf heures. Mkutano wa bandarini uliowekwa saa nne humkuta mmoja ameshaondoka.

Zaidi ya hayo, Kiswahili cha barazani hakimfikishi mtu kwenye hati. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mfanyabiashara wa Bujumbura anayedai fedha zake Kigoma au Dar es Salaam anaweza kupokea wito, hati ya madai na hukumu kwa Kiswahili sanifu. Mtu anayepiga soga vizuri kwa Kiswahili cha Bwiza, tuseme B2 ya mazungumzo, anaweza kuwa A2 mbele ya hati hiyo. Wengi hawajui hivyo mpaka siku ya kesi.

Kwa upande wa shule, Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika madarasa ya mwanzo ya shule za msingi za Burundi katika kipindi ambacho nchi ilikuwa inajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, uanachama ulioanza Julai 2007. Sheria ya mwaka 2014 ikaongeza Kiingereza katika lugha rasmi, pamoja na Kirundi na Kifaransa. Hata hivyo waliokuwa watu wazima mwaka 2007, ambao ndio wenye maduka na magari leo, hawakupitia mageuzi hayo. Wao ndio wateja wa shule za jioni.

Jumuiya yenyewe nayo imesogea. Mkataba wa kuianzisha uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya kuendelezwa. Wakuu wa nchi baadaye walikubaliana kuingiza Kiswahili na Kifaransa miongoni mwa lugha rasmi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Kuingia kwa Kongo mwaka 2022 kuliongeza mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili na wa Kifaransa kwa mpigo.

Kinachokosekana ni mtihani wa Kiswahili kwa watu wazima unaotambuliwa na waajiri wa ukanda mzima, ambao mtu anaweza kuufanya Bujumbura, Goma au Kampala na cheti chake kikasomeka sawa kila mahali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, vina uzoefu mrefu wa kufundisha wageni. Wamarekani wana mtihani wao wa mazungumzo kwa Kiswahili. Lakini karani wa Bujumbura anayetaka kuthibitisha kwamba Kiswahili chake ni B2 hana karatasi yenye uzito kama ile ya mwenzake wa Kifaransa. Kwa lugha inayobeba biashara yote ya Ukanda wa Kati, hali hiyo ni ya kushangaza.

Kifaransa: cheti kipo, na mtihani una sura yake

Kwa Kifaransa njia imeshalimwa. Vyeti vya DELF na DALF vilianzishwa mwaka 1985 na kupangwa upya mwaka 2005 kufuata ngazi sita: DELF kwa A1 hadi B2, DALF kwa C1 na C2. Institut français du Burundi, iliyoko katikati ya jiji, ndiyo mlango unaojulikana. Mtihani wa DELF una alama 100, yaani 25 kwa kila stadi kati ya nne. Anayepata 50 amefaulu, lakini asipate chini ya 5 katika stadi yoyote. Kanuni hiyo ya 5 huwaangusha watu wazima wanaozungumza vizuri na kudharau kuandika. Cheti hakina mwisho wa muda.

Mrundi anafika kwenye mtihani huo na Kifaransa chenye mkono wa Ubelgiji. Anasema septante na nonante kwa 70 na 90, kama wanavyosema Kongo. Si kosa, na mtahini hapaswi kulihesabu kuwa kosa, lakini kaseti ya mtihani itasema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Asiyezoea kugeuza haraka atakosa bei na namba za simu katika sehemu ya kusikiliza, ambayo ingekuwa alama za bure.

Wanaotaka uraia wa Ufaransa wafahamu kwamba masharti yamepanda: kuanzia Januari 2026 kiwango kinachotakiwa ni B2, kutoka B1.

Kihispania: lugha ya tano kwa wachache

Kihispania hakina soko kubwa Bujumbura, lakini wanaokiulizia wapo, na sababu zao zinaeleweka. Burundi inaishi kwa kahawa na chai. Kahawa ya dunia inazungumza Kihispania kuanzia Kolombia na Honduras hadi Guatemala na Peru, na Shirika la Kimataifa la Kahawa lenye makao London linakitumia kama mojawapo ya lugha zake rasmi. Burundi imeshiriki mashindano ya Cup of Excellence tangu 2012. Wengine wanakitafuta kwa ajili ya masomo au kuungana na jamaa Hispania. Barani Afrika lugha hiyo ni rasmi nchini Guinea ya Ikweta.

Kwa msemaji wa Kiswahili, mwanzo wa Kihispania ni mwepesi kuliko wa Kifaransa. Irabu ni tano zile zile, na kila moja inasomwa ilivyoandikwa. Mkazo wa maneno mengi uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwa Kiswahili. Hata jambo linalowatesa Wazungu, yaani vitenzi viwili vya "kuwa", si geni kwake: anayetofautisha "Bujumbura ni mji" na "Bujumbura iko Burundi" ameshaanza kuona tofauti ya ser na estar. Hali kadhalika, anayesema "nataka aende", na si "nataka anaenda", ana mahali pa kuanzia katika sura ya vitenzi ambayo Kihispania hudai baada ya kutaka na kuamuru, na ambayo hupimwa sana B1.

Anayejua Kifaransa anafaidika zaidi, kwa tahadhari. Factura ni facture, puerto ni port, precio ni prix. Lakini largo ya Kihispania ni ndefu, na large ya Kifaransa ni pana. Anayeagiza turubai au mbao kwa kukisia ataletewa vipimo vilivyogeuzwa. Salir kwa Kihispania ni kutoka. Kwa Kifaransa, neno lenye herufi hizo hizo ni kuchafua.

Cheti kikuu ni DELE cha Instituto Cervantes, chenye ngazi zote sita. Kuanzia A1 hadi C1, mitihani minne imegawanywa katika makundi mawili ya alama 50, na mtahiniwa anatakiwa kupata 30 katika kila kundi. Anayepata 50 kamili upande mmoja na 29 upande wa pili ameanguka. Cheti hicho hakiishi muda. Tangu sheria ya mwaka 2015, mgeni anayeomba uraia wa Hispania hutakiwa, isipokuwa wachache walioachiliwa, kuwa na DELE ya A2 au zaidi, pamoja na mtihani wa katiba na utamaduni. Mtihani mwingine, SIELE, ulioanza mwaka 2016, hufanywa kwa kompyuta na matokeo yake hudumu miaka 5. Instituto Cervantes haina kituo Bujumbura, kwa hiyo anayehitaji cheti aingize nauli ya nje ya nchi katika bajeti kabla ya kulipa ada ya masomo.

Hesabu ya saa

Hapa ndipo mnunuzi wa masomo anapaswa kutoa kalamu. Watahini wa Cambridge wanakadiria kwamba mtu anayeanza Kiingereza bila kitu anahitaji saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili kufika A2, saa 350 hadi 400 kufika B1, na saa 500 hadi 600 kufika B2. Saa hizo zinahesabiwa kutoka mwanzo, na hazijumuishi mazoezi ya nyumbani.

Kozi ya jioni ya saa mbili, mara mbili kwa wiki, kwa miezi mitatu, inatoa saa 48 hivi. Kwa mwendo huo A2 inahitaji wiki 45, na B1 inahitaji wiki 88, bila kukosa siku, bila mvua, bila foleni ya mafuta, bila msiba. Shule inayotangaza "B1 kwa miezi mitatu" kwa ratiba hiyo inauza saa 48 kwa jina la saa 350. Inawezekana mwanafunzi alishakuwa A2 alipoingia. Basi sifa ni za mwanafunzi.

Kwa hiyo ada ya kozi haimwambii mtu chochote mpaka aigawanye kwa idadi ya saa, kisha aangalie wanafunzi wangapi wako darasani. Kozi ya bei ya chini yenye watu 40 inampa kila mmoja dakika tatu za kuzungumza kwa kipindi cha saa mbili, iwapo mwalimu atanyamaza kabisa. Mwenye duka anaweza kupata zaidi ya hapo kwa kukaa na dereva wa Kitanzania pale gari linaposubiri kushusha, na wengi ndivyo walivyojifunza.

Kuna jambo lingine ambalo watu wazima hulalamikia: wanapanda haraka hadi A2, kisha wanaona hawasogei. Hilo ni la kawaida. Kila ngazi ni pana kuliko iliyo chini yake, na saa zinazohitajika zinaongezeka. Aliyefika A2 kwa mwaka mmoja asitarajie B2 mwaka wa pili.

Kusoma cheti

Karatasi mbili hufanana na huwa na thamani tofauti kabisa. Ya kwanza inasema mtu alihudhuria kozi ya ngazi fulani. Ya pili inasema alifanya mtihani wa ngazi hiyo, nje ya mikono ya mwalimu wake, akafaulu. Mwajiri anayepokea ya kwanza kama ya pili amejidanganya mwenyewe. Cheti cha mtihani huonyesha alama za kila stadi, na ni alama hizo zinazofaa kusomwa. Kwa nafasi ya kupokea simu za wateja wa Kigali na Nairobi, mwenye 22 ya mazungumzo na 9 ya kuandika anaweza kufaa kuliko mwenye 15 kila mahali.

Kwa kazi ndogo, ofisi haihitaji mtihani wa gharama. Mpe mwombaji ankara halisi ya Kiingereza, umwombe aandike barua ya kulalamikia katoni kumi zilizopungua. Mpigie simu kwa Kiswahili akiwa chumba cha pili, umweleze gari limekwama wapi na kwa nini, kisha umwombe akuandikie alichosikia kwa Kifaransa. Nusu saa inatosha.

Tarehe nazo ziangaliwe. DELF, DALF na DELE hazina ukomo. IELTS na TOEFL, ambazo vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kiingereza huzidai, huhesabiwa kuwa halali kwa miaka miwili, na TCF ya Kifaransa vilevile. Miaka hiyo inahesabiwa tangu matokeo au mtihani, wala haisubiri siku ya kuomba viza, na anayefanya mtihani mapema ili "awe tayari" mara nyingi hulipa ada mara mbili.